Dakika Arobaini za Mama Grasi

Nilimwonea wivu mgonjwa wa saratani. Naanza na hilo ili ukitaka kunihukumu unihukumu mapema, tuendelee. Wala haukuwa wivu mdogo, ule wa kubetua mdomo mara moja ukapita. Ulikuwa wivu wa kuamka nao, kuoga nao na kwenda nao hospitali, na kama ungekuwa na miguu ungenitangulia kukaa kwenye benchi.

Nakuandikia wewe uliyeambiwa jana au juzi, bado masikio yanavuma. Habari za chembechembe na uvimbe utaelezwa na madaktari. Mimi nina cheti cha sekondari nilichokipata shule ya jioni nikiwa na miaka arobaini na mitatu, nikikaa dawati moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa wote, na cheti hicho kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni ili hata mgeni asiyeuliza akione. Ninakiheshimu, lakini hakinifanyi daktari. Ninachoweza kukueleza ni jambo ambalo hakuna aliyenionya nalo: ukiugua, utaona wivu mpaka ujishangae.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Mume wangu, Baba Lindi, ni mzaliwa wa hapa Johannesburg. Alikuja kwetu enzi za uhamishoni, wakati wa ubaguzi wa rangi, kijana mwenye suruali moja na maneno elfu kumi, akajifunza Kiswahili mpaka akaweza kunidanganya nacho, tukaoana. Mambo yalipobadilika huku kwao tukahamia. Sasa tunakaa Rosettenville, kwenye nyumba ndogo yenye jiko la umeme lenye umri mkubwa kuliko binti yetu Lindiwe. Lindiwe anaelewa Kiswahili chote, hasa akisemwa vibaya, ila hujibu kwa Kizulu.

Uvimbe niliugusa mwaka 2018, majani ya miti yakianza kupukutika. Mwezi wa tano ziwa la kushoto likatolewa. Mwezi wa saba, baridi ikiwa ya kukata masikio, nikaanza dripu za dawa ya saratani. Ziliandikwa nane, moja kila wiki tatu, na tangu hapo sikuhesabu tena miezi. Nilisema "kabla ya dripu ya pili" au "baada ya dripu ya tatu," kama wengine wanavyosema kabla ya Krismasi.

Baada ya dripu ya pili nywele zilitoka zote bafuni asubuhi moja, zikaziba bomba, maji yakanifika vifundoni nikasimama pale kama korongo. Baada ya ya tatu kucha zikawa nyeusi. Na mdomo! Kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu. Chai sarafu, ugali sarafu, hata Baba Lindi akinibusu ilikuwa sarafu, masikini, akadhani ni yeye. Kitunguu kikikaangwa nyumba ya nne kutoka kwetu nilikimbilia ndoo. Mimi, niliyekuwa na kilo themanini na nne, ambaye mizani ilikuwa ikiniona inajikaza, nikawa nashuka kilo mbili, kilo tatu, suruali za Lindiwe zikanienea na baadaye zikanivuka.

Hapo ndipo wivu ulipozaliwa. Niliwaonea wivu wanawake wenye maziwa mawili. Nilimwonea wivu sanamu wa plastiki kwenye dirisha la duka la nguo, kwa sababu alikuwa amesimama siku nzima bila kuchoka. Nilimwonea wivu mbwa wa jirani alivyokuwa anatafuna mfupa kwa bidii. Hao wote lakini walikuwa mazoezi tu. Mchezo wenyewe ulianza alipokuja Mama Grasi.

Kwenye kliniki yetu kila Jumatatu wote tunapimwa damu na kilo, halafu kila mmoja ana siku yake ya dripu. Jumatatu ni siku ya benchi. Unafika alfajiri, unakaa mwisho, wa kwanza akiitwa wote mnasogea kwa makalio nafasi moja. Kwa miezi ile nadhani nimesogea kwa makalio umbali wa kutoka hapa mpaka Pretoria. Watu hawaongei sana. Kila mtu ana kitambaa kichwani na kopo la plastiki mfukoni, kwa dharura.

Sasa kwenye benchi hilo, katikati ya makopo, akatokea mwanamke wa Lubumbashi, msusi mwenye saluni mitaa minne kutoka kwetu, akafungua chombo chake cha chakula. Samaki mzima. Na ugali, ambao wao wanauita bukari, tonge kama ngumi ya bondia. Akala. Akalamba vidole. Mashavu yake yalikuwa yameshiba mpaka yanang'aa. Dripu zake zilipishana na zangu wiki moja tu, sumu ile ile, na yeye anachambua miiba!

"Yaya," akaniambia, maana wao humwita hivyo dada mkubwa, "unaniangalia sana. Tukule?"

"Nimeshiba," nikasema. Tumbo langu halikuwa na kitu tangu jana yake.

Baba Lindi alikuwa pembeni yangu ameshika mkoba wangu mapajani kama kawaida yake. Akamtazama Mama Grasi, akanitazama mimi, akatamka sentensi iliyokaribia kuvunja ndoa ya miaka thelathini: "Mwone mwenzako anavyokula."

"Kamuoe basi," nikamwambia. "Si ana mashavu?"

Tangu siku hiyo jina la Mama Grasi lilikatazwa nyumbani kwetu. Baba Lindi akitaka kulisema alisema "yule mama wa samaki," nami nilijua, naye alijua kwamba najua, na sahani ilirudi jikoni haijaguswa.

Kwenye dripu ya nne daktari akaniweka chini. Nilikuwa na kilo hamsini na nane. "Mama," akasema, "kabla ya dripu ya sita nitakupima tena. Ukishuka chini ya hamsini na sita, tunasimama. Mwili hautaweza." Nikamuuliza tutasimama kwa muda gani. Akasema mpaka mwili urudi. Sikumuuliza ugonjwa utakuwa unafanya nini wakati sisi tumesimama, maana niliona hata yeye hataki kuulizwa.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo. Ili niendelee kutibiwa ilibidi nile, na kula sikuweza.

Mwezi huo huo wa tisa mahakama ya juu kabisa ya nchi hii iliamua kwamba mtu mzima hatashtakiwa tena kwa kupanda bangi nyumbani kwake na kuitumia mwenyewe faraghani. Jumatatu iliyofuata benchi zima lilichangamka. Watu waliokuwa wakinong'ona walianza kuongea kama wako harusini. Na Mama Grasi, bila kuulizwa na mtu, akafungua siri ya mashavu yake.

"Nilikuwa nabaki mifupa tu," akasema. "Ni majani, yaya. Bangi. Hapana ya kuvuta, ya kula. Sikiya muzuri. Kwanza unayakausha kwa oveni, nyuzi mia moja na kumi na tano, dakika makumi ine. Usipoyachoma namna ile nguvu haitoke, utakula nyasi. Kisha ndiyo unapika na siagi."

Alinipa bure. Nyuzi, dakika, kila kitu, mbele ya watu, na uso mzuri. Na unajua nilichofikiri? Nilifikiri: ananionyesha kwamba anajua.

Binamu yake Baba Lindi ana miche mitatu nyuma ya nyumba yake Soweto, akatuletea mfuko wa vichwa vya maua yake vilivyokauka, zawadi kwa mgonjwa. Nikamfukuza kila mtu jikoni. Mara ya kwanza nilipuuza kabisa habari ya oveni, nikayachemsha majani kwenye maziwa vuguvugu, nikanywa kikombe kizima nikangoja. Hakuna kilichotokea. Mbuzi angefaidi zaidi.

Kwa hiyo oveni ilikuwa ya lazima. Sawa. Lakini nyuzi mia na kumi na tano kwa dakika arobaini, za Mama Grasi, nizifuate mimi? Yeye amesomea wapi? Nikachukua karatasi. Shule ya jioni tulifundishwa kwamba joto huharakisha mambo. Basi mia na kumi na tano mara mbili ni mia mbili na thelathini. Arobaini gawanya kwa mbili ni ishirini. Mwalimu wetu wa hesabu aliwahi kuniambia nina kichwa, na siku hiyo nilikiamini. Nikajiona ninakwenda kliniki Jumatatu na kusema kwa sauti ya upole, "Ah, Mama Grasi, bado unatumia dakika arobaini? Mimi ishirini zinanitosha."

Nikawasha mia mbili na thelathini, nikatandaza majani kwenye trei, nikakaa kitini na saa.

Dakika ya nane moshi ukaanza kutoka pembeni ya mlango wa oveni. Dakika ya tisa haukuwa moshi tena, ilikuwa hali ya hewa. Ukaingia sebuleni, ukapanda juu ya cheti changu, ukatoka dirishani ukateremka barabara nzima ya Rosettenville, na nasema kweli, magari yalipunguza mwendo. Dakika ya kumi mlango wa mbele ukagongwa. Akina mama wa jumuiya ya kanisa, wanne, na Biblia zao, wamekuja kumwombea mgonjwa.

"Mama Lindi, unapika nini?" akauliza mwenyekiti wao, mkono puani.

"Mboga."

"Mboga gani?"

"Ya kienyeji."

Waliomba haraka haraka. Mmoja wao, ambaye kwa kawaida huanza kulia kwenye amina ya kwanza, siku hiyo alicheka kuanzia mwanzo wa sala hadi mwisho, akasema ni furaha ya Roho. Walipoondoka nilivuta trei. Kilichobaki kilikuwa unga mweusi mwepesi. Nilipoupuliza, uliruka wote.

Dripu ya tano ikapita. Siku sita baada yake nilipanda kwenye mizani ya bafuni, nguo zote chini, hata pete nikaivua. Hamsini na sita na kidogo. Hicho kidogo ndicho kilichokuwa kati yangu na kusimamishwa, na Jumatatu ya kabla ya dripu ya sita ilikuwa imebakiza siku kumi na tatu. Nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea nikajisemea: umechoma dawa yako mwenyewe ili umshinde mtu asiyejua kama mnashindana.

Ungedhani wivu ungenitoka hapo. Wapi! Ulipata kazi mpya.

Jumatano moja Baba Lindi alirudi nyumbani saa tisa mchana. Alisema ametoka kuangalia tairi. Nikamtazama begani.

"Baba Lindi, hii nini?"

"Uzi."

"Wa nini?"

"Wa sweta."

"Sweta la bluu lina uzi mwekundu? Mrefu hivi? Unaonuka mafuta ya nazi?"

Akaushika, akaugeuza, akautazama kama mtu anayeona uzi kwa mara ya kwanza duniani. "Nilipita mahali," akasema.

"Mahali gani wanasuka matairi?"

Lindiwe aliinuka kutoka kwenye kochi, akasema kitu kwa Kizulu kuhusu wazee na aibu, akaenda chumbani kwake.

Kesho yake alipotoka, nilihesabu hadi mia mbili, nikafunga kitambaa, nikatoka. Mitaa minne. Mtu mzima anaimaliza kwa dakika saba. Mimi nilipumzika kwenye ukuta wa kanisa, nikapumzika kwenye ngazi za duka la Mreno, nikapumzika kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, mpaka zikabadilika mara sita na dereva mmoja akaniuliza kama nimekufa au bado. Mijakaranda ilikuwa imeanza kuchanua, njia nzima zambarau, na mimi niliiona yote kwa hasira.

Saluni ilikuwa na mteja mmoja, binti wa Kirundi, nusu ya kichwa imesukwa kwa rasta nyekundu na nusu imesimama wima.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko nyuma na mzee," akasema binti.

Na mzee! Kutoka nyuma nikasikia kicheko cha mume wangu, kile cha Morogoro, ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwezi wa tano. Nikapita kwenye pazia.

Baba Lindi alikuwa ameketi juu ya kreti la bia mbele ya oveni, amevaa aproni ya saluni ya rangi ya waridi, kalamu sikioni, saa mkononi. Mama Grasi alikuwa amelala sakafuni juu ya godoro jembamba, kichwa wazi, kipara kama changu, macho yamefumba. Miguu yake ilikuwa imevimba. Hakuwa na shavu la kung'aa. Alikuwa anamwamuru mume wangu kutoka pale chini kama nahodha.

"Dakika ngapi?"

"Thelathini na mbili," akajibu Baba Lindi, akageuka akaniona, akasimama na aproni yake. "Mama Lindi, naweza kueleza."

"Ueleze hiyo aproni kwanza."

Mama Grasi akafumbua jicho moja. "Yaya, karibu. Usifungue ule mlango, joto itatoka. Bwana yako alinileteaka majani, anasema bibi yake amechoma ingine."

Kumbe Baba Lindi, ananijua huyu mwanamume, siku ile binamu alipoleta mfuko alificha nusu yake kwenye kiatu cha mvua kabla hajanikabidhi jikoni. Miaka thelathini ya ndoa si mchezo.

"Amekwambia nilivyochoma?" nikamuuliza Mama Grasi.

"Hapana. Alisema tu iliungua, na wewe ni mgonjwa."

Sijui ni nini kilinipata, uchovu wa mitaa minne labda. Nikajikuta namweleza mwenyewe: mia mbili na thelathini, dakika ishirini, hesabu yangu yote, hatua kwa hatua. Mama Grasi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. Alicheka amelala, machozi yakateremka kuelekea masikioni, akashika ubavu.

"Yaya, rasta ile ya pale mbele iko saa sita. Nikiweka wasusi sita kwa kichwa moya, tutamaliza kwa saa moya? Ule mutoto atabaki na shingo?"

Nami nikacheka, nikiwa bado na wivu wangu mkononi, sijui niuweke wapi.

Basi nikafundishwa. Nakupa kama nilivyopewa, nawe usipige hesabu yoyote. Vunja vichwa vidogo vidogo kwa mkono, visiwe unga. Tandaza kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, funika kwa foili, kingo zote zibanwe. Usiamini kitufe cha oveni. Mama Grasi alikuwa ametundika kipimajoto kidogo ndani, na kitufe chake kilisema tisini wakati ndani ni mia na kumi na tano. "Oveni yote iko na uongo," alisema. Yangu baadaye niliipima, ilikuwa inazidisha nyuzi thelathini na tano, maana yake siku ile niliyachoma kwa moto wa kufulia chuma. Oveni ifike mia na kumi na tano kwanza, ndipo trei iingie, ndipo dakika arobaini zianze. Ukichungulia kila dakika joto linakimbia. Ukizidisha moto, unachotaka kinaondoka na moshi. Majani yakitoka yamekuwa kahawia hafifu, na harufu imeacha kuwa ya nyasi imekuwa ya karanga zinazokaribia kuiva, umepata. Kisha siagi, kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, taratibu kwa saa mbili bila kutokota, halafu unachuja. Mama Grasi alichuja kwa kofia mpya ya wavu ya kuvalia chini ya wigi. Chujio bora kuliko hilo sijaliona.

Na ule kidogo. Kipande cha mkate chenye siagi ukubwa wa ukucha, kisha ungoje saa mbili hata kama unaona hakuna kitu. Hapo ndipo watu hukosea wanaongeza, na baadaye wanaongea na kabati. Daktari wangu nilimwambia, nawe umwambie wako. Hakupiga makofi. Aliuliza kipimo, akaandika kwenye faili, akanikataza kuendesha gari, na mimi gari sijui kuendesha.

Siagi ilipokuwa inapoa Mama Grasi akaketi, akafunga kitambaa chake. "Yaya, ninaomba kitu moya."

"Omba."

"Nipe bwana yako."

Kijiko kilimtoka Baba Lindi mkononi.

"Siku moya," akasema. "Alhamisi yenye inakuya." Akaeleza. Baada ya dripu kliniki haimruhusu mgonjwa kuondoka peke yake. Lazima mtu mzima aandikwe kwenye daftari, amsubiri, ampeleke nyumbani. Mpwa wake aliyekuwa akimsindikiza alipata kazi ya ulinzi Durban. Dripu iliyopita alimdanganya Sista, muuguzi wa dripu, kwamba mtu anamsubiri nje, akatoka, akakaa ukingoni mwa barabara mpaka dunia ilipoacha kuzunguka. Sista akajua. Safari hii amesema hakuna mtu, hakuna dripu. "Miye nakuona kila Jumatatu na ule bwana anashika mukoba yako," akasema. "Naona na moyo inaniuma. Nakula samaki yangu kwa nguvu, nisiangalie."

Oveni ilikuwa inapoa na kugonga gonga. Yeye! Kunionea wivu mimi!

Baba Lindi akakohoa. "Mimi Alhamisi sina shughuli..."

"Nyamaza, Baba Lindi," nikasema. Nikamwona akiwa kwenye kile kiti cha plastiki, mapajani kuna mkoba wa mwanamke mwingine, anachekeshwa. Nilijaribu kuwa mtu mwema, nakuapia, nilijaribu kwa sekunde kama tatu. "Huyu simpi mtu. Nitakuja mwenyewe."

Alasiri ile nyumbani nilikula ukucha wangu wa siagi saa tisa na nusu. Saa kumi na mbili kasorobo nikasikia harufu ya mchicha kutoka jikoni na sikutafuta ndoo. Nikala ugali. Si sarafu, ugali. Lindiwe alisimama mlangoni akinihesabia matonge kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, mpaka saba.

Alhamisi tukaenda. Sista wa chumba cha dripu, mwanamke mnene mwenye huruma ya siri, aliye na desturi ya kupasha vidole vyake kwenye kikombe cha chai kabla hajatafuta mshipa wako, alitutazama mlangoni. Vitambaa viwili, kucha nyeusi ishirini, tumeshikana ili tusianguke.

"Mgonjwa ni yupi?" akauliza.

"Huyu," nikasema.

"Na anayemsindikiza ni yupi?"

"Mimi."

Alifikiri kidogo, akafungua daftari. "Uhusiano wenu?"

Mama Grasi akaniambia kwa Kiswahili, uso mkavu kabisa, "Mwambie tuko mabibi ya bwana moya."

"Anasema nini?"

"Anasema sisi ni dada," nikamwambia Sista, nikatia sahihi.

Dripu ilichukua saa tano. Nilishika mkoba wake mapajani. Ni mzito, nilikuwa sijui. Baba Lindi hajawahi kulalamika. Saa ya tatu Mama Grasi akanielekeza nifungue chombo. Mlikuwa na samaki. Nilimlisha kidogo, akatikisa kichwa, leo hapana, kula weye. Basi nikamla samaki wake mimi, kwenye chumba cha dripu, wagonjwa wote wakinitazama. Nilifika kwenye miiba. Nikainua kichwa nikamwona mwanamke kijana kwenye kiti cha mkabala, kopo mkononi, ananitazama mashavu kwa jicho ninalolijua. Nikamwita asogee, nikamweleza habari za nyuzi na dakika.

Jumatatu ya mizani ilifika. Nilipanda na viatu, Sista akanivua. Nilipanda na sweta, akanivua. Baba Lindi alikuwa amefumba macho kwenye benchi, mikono juu ya mkoba. Mshale wa mizani ukacheza, ukaenda, ukarudi, ukasimama.

"Hamsini na nane na nusu," akasema Sista. "Hongera, mama. Jumatano uje na mtu wako, dripu ya sita ipo."

Nikamshika bega. Nilitaka kusema asante, nilitaka kusema Mungu ni mwema, na yote mawili nimeyasema tangu hapo mara elfu. Zilibaki dripu mbili baada ya hiyo, nikazimaliza, na mionzi nikaimaliza, na leo nakuandikia nikiwa na nywele za kuweza kusukwa. Lakini asubuhi ile, nikiwa bado nimesimama kwenye mizani bila viatu, kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa hiki:

"Na Mama Grasi? Yeye ana ngapi?"